Shingo ya joka lako yainama kwa sababu shanga ni mzigo

Dada mmoja wa Likoni, hapa hapa Mombasa, kaniandikia, barua yake nimeifupisha kidogo: "Assalam aleikum Bi fundi. Nataka kutengeneza joka la baharini la kupamba, la kukaa juu ya kabati sebuleni, shingo ndefu, mabawa, mwili umejaa shanga. Nishajaribu mara mbili. La kwanza shingo ikainama, wiki ya pili kidevu kikagusa kabati. La pili nikabandika shanga kwa ile gundi ya moto, zikaanza kudondoka zenyewe, na mabawa yakalegea kama matambara ya kudekia. Ninayo pea ya leso za marehemu nyanya yangu na nataka ziwe ndani ya hili joka. Nakosea wapi, na nianze vipi?"

Waaleikum salaam mwanangu, Mungu amrehemu nyanya. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nasimama hapo kwa leso, kwa hivo kabla ya lolote nakuomba, usizikate bado, zirudishe kabatini, ntakwambia wakati wake ukifika. Hilo joka la kwanza halikuharibika kwenye kichwa wala kwenye rangi, liliharibika kabla hujashika sindano, na la pili vilevile, manake mara zote mbili ulianza na pambo alafu ukatarajia mwili uje ulibebe.

Hebu tufanye hesabu, hesabu hii hakuna alonifundisha na ingeniokolea miezi. Shanga za kioo ndogo, zile za namba 11 ambazo ni kama milimita 2 kila moja, gramu moja ina shanga kama 110 hivi. Ukizishona zikakaa ubavu kwa ubavu bila nafasi, kipande cha sentimita 10 kwa 10 chataka shanga karibu 3,000, yaani gramu 30 hivi. Sasa shingo yako tuseme ina urefu wa sentimita 25 na unene wa sentimita 14 kuizunguka, hio ni sentimita mraba 350, kwa hivo shingo peke yake imebeba zaidi ya gramu 100 za kioo, ni kama mayai mawili, na bado hujaweka kichwa chenye macho, pembe na masharubu. Na huo mzigo hauko chini karibu na tumbo, uko mbali huko mwisho wa shingo. Shika ndoo ya maji karibu na kiuno kisha ishike mkono umenyooka mbele, ndoo ni ile ile lakini mkono utakwambia tofauti. Shingo ya joka lako ilikua imenyoosha mkono wiki mbili nzima usiku na mchana, basi hata mimi ningeinama.

Kwa hivo twaanza na mchoro. Chukua karatasi kubwa ya khaki, mchore joka ubavuni kwa kipimo chake halisi, kama atakua sentimita 45 basi umchore wa 45, usimchore mdogo ukasema utamkuza kichwani. Alafu nenda kaangalie yangeyange. Nasema kweli, simama pale karibu na maji ya Tudor maji yakitoka uwatazame wale ndege weupe, shingo ndefu lakini hawaanguki, kwa nini? Kwa sababu shingo yaenda nyuma kwanza, kisha yarudi mbele kama herufi S, na kichwa chaishia juu ya miguu, hakizidi mbele sana. Mpe joka lako shingo hio. Kwenye mchoro shusha mstari wima kutoka kidevuni mpaka chini kama fundi mwashi ashushavyo timazi, huo mstari uangukie ndani ya nyayo zake. Ukiangukia nje, chora upya, karatasi ni rahisi kuliko shanga.

Nyayo ziwe tatu, kama mafiga. Joka la baharini halina haja ya miguu minne, mpe mapezi mawili ya mbele yanayokanyaga na mkia uzunguke nyuma ulale chini, hapo una mafiga yako matatu na chungu hakitikisiki hata kabati likiwa halijakaa sawa. Ukiweza pia tafuta kipande cha ubao wa mwembe, wachonga vinyago wa hapa wanao wa kutosha, toboa matundu matatu kwa drili, upitishe ncha za waya na uzikunje chini ya ubao. Mie kwa mnyama yoyote anayezidi sentimita 40 siachi kumfunga kwenye ubao.

Sasa mifupa. Hadiwea watakuuzia waya mweusi laini wa kufungia nondo, ni rahisi na wakunjika vizuri, na ndio nadhani uliutumia. Usiurudie. Kwanza ni laini mno kwa shingo, pili hapa petu hewa ina chumvi na kila kitu chanyonya unyevu. Mwanzoni nilimtengenezea bi harusi mmoja ndege mweupe wa satini nikatumia waya huo, mvua za masika zikapita, nilipomuona tena ana michirizi ya kahawia kifuani, kutu imetoka ndani ikapenya pamba ikapenya satini, na kutu kwenye kitambaa cheupe haitoki. Nilimuomba msamaha yule dada, na ule waya sijautia tena ndani ya kitambaa mpaka leo. Chukua waya uliopakwa zinki, wa milimita 3 kwa uti wa mgongo na milimita 2 kwa mabawa. Ukiukata, pale ulipokata zinki haipo, kwa hivo paka rangi ya kucha kwenye kila ncha. Waya za alumini hazipati kutu lakini ni laini, basi zifae kwa masharubu na vidole. Shaba ya ndani ya nyaya za umeme yapendeza ikiwa mpya, ila kwa chumvi hii yageuka kijani, sikushauri ikae chini ya kitambaa.

Uti wa mgongo uwe waya mmoja mzima toka puani mpaka ncha ya mkia, usiunge katikati. Kwenye shingo weka waya wa pili ubavuni mwake, usokote pamoja, uanzie kichwani na uingie ndani ya mwili angalau sentimita 10 kupita pale shingo inapoanzia, kwa sababu waya ukiishia pale pale bega linapoanza ndo hapo hapo utakapokunjika. Ncha zote zikunje duara dogo kwa koleo zisije zikatoboa ngozi. Alafu chana bafta, ile pamba nyeupe nyembamba, vipande vyembamba vya upana wa vidole viwili, uchovye kwenye gundi nyeupe ya mbao ilotiwa maji kidogo, uzungushe mifupa yote kama mtu kafungwa bendeji. Hii watu wengi huiruka na ni makosa, waya mtupu huzunguka ndani ya pamba na mnyama akawa kichwa chaangalia kulia mwili waangalia kushoto, bendeji ndio inayoshika kila kitu mahala pake.

Ikikauka, nenda dukani ununue robo ya sukari, uifunge kichwani kwa mifupa. Ndio, sukari na mfuko wake. Robo ni gramu 250, yazidi kidogo uzito wa shanga za shingo na kichwa chako, kwa hivo likibeba hio litabeba zote. Weka alama ya penseli ukutani kidevu kilipo, uache siku mbili usiku na mchana. Kidevu kikishuka hata kidogo, ongeza waya wa tatu au rudisha shingo nyuma zaidi. Kisiposhuka, ondoa sukari uchemshe chai, mifupa imekubali. Ungefanya hivi kwa lile la kwanza ungejua tangu siku ya pili badala ya wiki ya pili ukiwa ushashona shanga elfu ngapi sijui.

Nyama za ndani sasa. Usufi nyanya yako bila shaka aliujua, mito yote ya zamani ilijaa usufi na miti yake ipo mpaka leo, ni mwepesi sana na hauloi kwa urahisi, lakini huzama, leo umejaa mwezi ujao umeshuka, na washika moto haraka mno, kwa hivo mie nauweka kichwani tu ambapo nataka wepesi. Tumboni weka ile pamba ya faiba, hata ya mto wa zamani, ilofuliwa na kukauka kabisa. Vipande vya mitumba usitie, vina uzito, na vikishika unyevu ndani havikauki, utasikia harufu. Sponji la godoro lakatika vizuri kwa umbo lakini baada ya miaka lageuka manjano kisha unga, na wewe unataka kitu cha kuwarithisha wanao. Kujaza, chukua pamba kidogo kidogo kama tonge, usukume kwa kijiti cha mshikaki ncha yake ikiwa butu, ujaze mpaka ukibonyeza kidole pasibaki shimo. Mnyama alojazwa nusu shanga zake huvutana, huku zimekaza huku zimelegea, na hapo ndo uzi hukatika.

Chini tumboni weka uzito, usiogope, uzito wa chini ndio unaosaidia wa juu. Mchanga wa pwani una chumvi na chumvi yavuta maji, kwa hivo kama huna wa mtoni basi uoshe maji matatu manne na uuanike kweupe mpaka ukauke kabisa, uutie ndani ya mfuko wa kitambaa uloshonwa mara mbili. Wavuvi watakwambia tia chubwi, zile za kuzamishia mshipi, ni kweli nzito, lakini ile ni risasi na risasi ni sumu, kwenye nyumba yenye watoto siitaki.

Ngozi usiikisie kwa macho. Mzungushie joka nailoni nyembamba ya jikoni, juu yake ubandike selotepu ya karatasi mwili mzima, kisha uchore kwa kalamu mistari utakayotaka mshono upite, mmoja mgongoni, mmoja tumboni, na pale panapojikunja sana weka mmoja wa ziada. Chora na vishale vya kuonyesha wapi ni mbele, alafu ukate kwa makasi kufuata mistari, uvue kama ganda la chungwa. Hilo ganda ndo patani yako, yaani kipimo cha kukatia kitambaa. Ongeza sentimita moja pembeni za mshono, ukate kwanza kwa kitambaa cha marekani cha bei rahisi, uishone, umvalishe, uone panapokunjamana, urekebishe. Kwa shingo kata kitambaa mshazari, sio kufuata nyuzi, kikikatwa mshazari kinavutika na kinakumbatia ule mkunjo wa S bila makunyanzi.

Hapo sasa, marekani imekubali, ndo tutoe leso.

Leso ziko pea, zinafanana, kwa hivo moja kata na moja weka. Usije ukazikata zote mbili ukabaki na mabaki. Ile utakayokata, kwanza ipige picha imetandazwa yote. Ioshe kwa maji baridi kwa mkono mpaka maji yatoke meupe, leso zingine hutoa rangi miaka na miaka, hasa nyekundu na nyeusi, na chumvi ama siki hazizuii rangi ya kiwandani kutoka kama watu wanavodhani, ni kuosha tu mpaka iishe. Ikikauka ishike juu ya mwanga wa dirisha uiangalie, ukiona nyuzi zimekua nyembamba kama wavu hapo haitabeba shanga peke yake, ishonee bafta kwa nyuma kwa mishono mirefu, kisha ndo ukate zote mbili pamoja kama kitambaa kimoja. Usiogope kuona imechakaa, leso ilochakaa ni laini na yalala vizuri mwilini kuliko mpya yenye kanji.

Alafu ifikirie leso yenyewe imegawanyikaje. Pindo lina mchoro unaojirudia, mji wa katikati una mchoro mkubwa, na jina, yale maneno yalochapwa, lipo chini. Pindo ni la kingo za mabawa na uti wa mgongo, limeshachorwa tayari kwa kazi hio. Mji ukate magamba. Na jina, mwanangu, usilikate vipande, likate zima kama utepe, ulishone tumboni kwa chini ama ndani ya bawa, mahali ambapo anayelijua joka ndo atainua asome. Nyanya aliichagua ile leso kwa lile jina, nani kamwambia na yeye alitaka kumwambia nani hatujui, lakini maneno ni yake.

Magamba ndo yatakayokuokolea uzito. Wewe ulitaka mwili mzima shanga, na mie nakwambia theluthi moja yatosha na utapendeza zaidi, kwa sababu shanga zikiwa kila mahali jicho halina pa kutua. Kata vipande viwili viwili vya umbo la ukucha, upana kama sentimita 3, shona upande mbaya nje kisha upindue, upige pasi. Uanze kuvishona mkiani kwenda juu, kila safu ifunike nusu ya safu ya chini yake, yaani unaezeka makuti, na ukianza juu utaona kila safu inayofuata yainua ile ya kwanza. Kisha kila gamba litie shanga tatu tu kwenye ukingo. Taa ikiwaka usiku utaona mwili mzima wameta na umetumia theluthi ya shanga ulizodhani.

Shanga zenyewe. Pwani hii yajua shanga za kioo kwa zaidi ya miaka elfu, zilikuja na majahazi ya kaskazi, na kule Pate kuna magofu ya mji mkongwe unaoitwa Shanga, mie nikishika kopo la shanga hulikumbuka jina hilo kila mara. Kumbuka namba zaenda kinyume, namba 11 ni ndogo kuliko 8, na 8 ni ndogo kuliko 6. Zile ndogo zilizo sawasawa nyingi zatoka Jamhuri ya Cheki na Japani, za bei rahisi huja zingine nene zingine nyembamba, si mbaya kwa manyoya na mapezi lakini kwa mistari ya usoni zitakupotosha. Kongowea kwenye mitumba tafuta mikufu ilokatika na magauni ya harusi yenye shanga kifuani, gauni moja lina shanga za wiki nzima na hata lesi yake yatumika. Lakini zijaribu kwanza, zingine zimepakwa rangi juu tu. Loweka chache kwa maji ya sabuni usiku mmoja, nyengine zisugue kwa pamba yenye dawa ya kutoa rangi ya kucha, pamba ikipata rangi usizitie. Zile zilizo na fedha ndani ya tundu huwa nyeusi kwa hewa yetu ya chumvi, na lulu za plastiki huambuka ngozi, basi hizo ziwe chache na mahali pa kuzibadilisha kwa urahisi.

Kuhusu gundi ya moto. Kioo ni laini, gundi haina pa kushika, na kwa upande wa kitambaa yashika yale manyoya ya juu tu, kwa hivo ushanga wako umening'inia kwa vumbi la pamba. Ongeza joto la Januari na Februari, gundi yalainika kidogo, usiku yakaza, kesho yalainika tena, mpaka yaachia. Shanga hushonwa, ile gundi itumie ndani ya ubao na mifupa huko ambako hakuna anayeona. Na ile gundi kali ya matone, ya kuunga viatu, usiikaribishe hapa kabisa, yafanya kitambaa kigumu kama ganda, yaacha ukungu mweupe kwenye shanga, na ikigusa pamba nyingi yatoa joto la kuunguza vidole, hilo si uvumi, limenipata.

Uzi uwe wa nailoni ama polista, wa pamba usitumie, mdomo wa shanga una makali madogo na kila joka likitikiswa wausaga uzi taratibu. Mshipi wa kuvulia ulosukwa ni mzuri sana na Mombasa hukosi, ule wa plastiki mmoja mnene usiuchukue, fundo lake lateleza na ukizeeka wakatika kama kijiti. Pitisha uzi kwenye nta mara moja mbili hautajisokota. Mshono ni huu: chukua shanga nne, zilaze kwenye kitambaa, shuka chini, kisha rudi katikati ya zile nne, utokeze juu, upite tena ndani ya mbili za mwisho, ndio uchukue nne nyengine. Kila baada ya mara tano ama sita piga fundo kwa ndani. Siku uzi utakapokatika, na siku moja utakatika tu, zitadondoka shanga ishirini hivi na sio mia mbili. Zile shanga ndefu za mrija zina makali zaidi ya zote, weka ushanga mdogo wa mviringo kila upande wake ili uzi usiguse mdomo wa mrija.

Mahali penye mkunjo kama koo na nyusi, shona kwanza kwenye kipande cha felti, kile kitambaa kinene kisichofumuka, kikiwa bapa mezani, ukimaliza kata felti kufuata shanga kisha ndo ukishone mwilini. Kushona moja kwa moja kwenye shingo iloshajazwa kwataka ile sindano ilopinda ya mafundi wa makochi, omba moja, utaipenda. Kwa shingo yako mie ningeweka shanga mbele kooni na mstari mmoja mpana wa mgongoni, ubavuni niache magamba ya leso, hapo kutoka gramu mia na kitu umeshuka mpaka kama 40 na hakuna atakayekuuliza zingine ziko wapi.

Mabawa yalilegea kwa sababu uliyashona kwenye ngozi. Ngozi haibebi bawa. Tengeneza fremu ya waya wa milimita 2, ukiacha mkia wa waya sentimita 10 kwa kila bawa, na ile mikia iingie ndani ya mwili ilale sambamba na uti wa mgongo, ifungwe kwa waya mwembamba kisha bendeji, haya yote kabla hujatia pamba. Yaani mabawa ni mifupa, huja siku ya mifupa. Kitambaa chake ni oganza, kile chepesi kinachopitisha mwanga, mara mbili, kati yake ulaze pindo la leso, ushone mishipa kwa cherehani kutoka begani kuelekea ncha, alafu upake gundi nyeupe ya mbao sawa kwa sawa na maji kwa brashi, ukaushe umelitandaza na pini juu ya sponji lenye nailoni juu yake, la sivo litaganda. Kanji ya mhogo kama ya kofia na kanzu usitumie, yapendeza siku ya kwanza, ila ikipata unyevu yalegea na mende waipenda kuliko wewe. Kata mabawa yote mawili kwa mara moja, vitambaa vimewekwa uso kwa uso, usipofanya hivo utapata mawili ya kulia. Shanga weka karibu na bega tu, huko nchani tumia vile vimetameta vya plastiki, havina uzito wowote na vyacheza na upepo wa feni.

Matamvua ya kikoi usiyatupe ukipata kipande cha zamani, yalofumuliwa na kuchanwa kwa kitana ni ndevu na manyoya ya shingo kamili kabisa.

Uso uache mwisho na usiufanye usiku umechoka. Macho yakiwa mbele yote mawili huyo ni mnyama wa kuwinda, yakiwa ubavuni ni wa kuwindwa, kwa hivo amua joka lako ni nani. Tafuta vile vioo vya duara vilivyo bapa nyuma, vya kupambia vyungu vya maua, uchore jicho kwa nyuma kwa rangi za kucha, mboni kwanza ndio rangi ya jicho ifuate, manake utaangalia kutoka mbele. Kizungushie felti na safu mbili za shanga za namba 11 zenye kubana ndani, hapo jicho limekamatwa bila gundi. Kisha kope. Jicho la duara tupu laonekana limeshtuka, litilie kope la kitambaa linalofunika theluthi ya juu na utaona limetulia, likisogezwa mshazari kuelekea pua limekasirika. Bandika kwa pini kwanza, ondoka chumbani, rudi, liangalie. Nawaangalia sana ngamia wa pale ufuoni Nyali kwa sababu ya kope zao, na majoka yangu yote mawili ya mwisho yana kope za ngamia.

Ukimaliza usimuweke mbele ya dirisha, jua litakula rangi ya leso kabla ya mwaka. Juu ya kabati sawa, ila usimsukume mpaka ukutani, acha upana wa kiganja hewa ipite, kuvu hupenda nyuma ya vitu. Masika ikiingia weka karibu naye vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na vumbi litoe kwa brashi laini ya poda, kutoka kichwani kwenda mkiani kufuata magamba, ukienda kinyume utayainua.

Kazi hii ukifanya jioni jioni ni ya miezi miwili mitatu, usijilazimishe kumaliza kabla ya Idi. Anza na mchoro na mifupa wiki hii. Siku ya pili ya sukari ikipita na alama ya penseli bado iko sawa na kidevu, nipigie picha ya mifupa kwa ubavu unitumie, na picha ya leso imetandazwa na jina lake lisomeke, nikuonyeshe wapi pa kupitisha makasi.